Kiatu cha mutoto wangu kimebaki kwa meza ya komiseri

Wamama wa Majengo, leo nimenyoosha mukono na watu wote wakapiga makofi. Upumbavu gani huu?

Komiseri wa raia, yule tulimuchagua atusemee bungeni Kinshasa, amekuja kutueleza kazi yake. Akasema feza ya jeshi ilipitishwa bungeni kwa siku moja tu: "Tulisimama wote, tukapiga makofi."

Mimi mukono juu. Nilitaka kuuliza!
Lakini watu wetu wamezoea. Wakiona mukono mumoja juu, wanafikiri makofi yameanza. Paa, paa, paa!

Komiseri akacheka: "Asante, mama mukubwa amekubali."

Nimekubali nini? Mimi si kasuku.

Nikatoa ndani ya kitunga kiatu cha mutoto wangu wa mwisho, askari kule Munigi. Chini kimekwisha, alikuwa anakifunga na kamba ya mugomba. Nikakitia juu ya meza.

"Papa, mbele ya kupiga makofi, kuna mutu hata mumoja aliuliza viatu viko wapi?"

Komiseri akaangalia kiatu. Hata walinzi wake waliangalia miguu yao.

Akauliza pole pole: "Sitwayene, mama raia, hiki kiatu ni cha nani?"

"Ni chenu. Ndicho mulipigia makofi."

Nikatoka kichwa juu, eh!

Sasa niko nyumbani, sikai, sisimami. Nimekumbuka mutoto aliandika namba yake ya jeshi ndani ya kile kiatu.

Nirudi nikichukue, ao ninyamaze? Semeni.

Na musinipigie makofi.