Shuka za Hospitali ya Kampuni

Juzi, ndugu yangu, nilipita nyuma ya hospitali ya kampuni ile ya mgodi, nikakuta nguzo za kuanikia nguo bado zimesimama. Nikasimama kuzitazama. Mama yangu alifua hapo shuka za wagonjwa, na sisi watoto tuliotoka mtaani kwetu Kamalondo kumlaki tuliziona tangu njiani, nyeupe hadi kuumiza macho. Jioni alirudi akinukia sabuni, akasonga bukari, tukala na sombe ya majani ya muhogo huku vidole vyake vimekunjamana kwa maji.

Baba alikuwa amefariki. Msiba wetu ulianzia hapo, maana kwenye kampuni mtoto alitibiwa kwa kazi ya baba yake. Mwanamke hata angefua mpaka mikono ichubuke, watoto wake hawakuhesabiwa. Mdogo wangu wa kike, mcheshi aliyependa kujificha katikati ya shuka zile, aliposhikwa na homa, mama alimbeba hadi pale. Mlinzi alimjua, alimwonea huruma, lakini alimrudisha. Mtoto alifia mgongoni, njiani kwenda zahanati nyingine. Mpaka leo sijasamehe.

Matanga yalipokwisha, jirani yetu, mfuaji mwenzake mama aliyekuwa delege wa sendika, yaani msemaji wa chama cha wafanyakazi, aliwaita wanawake uani kwetu. Bibi yetu akawaambia kidole kimoja hakivunji chawa. Asubuhi shuka zilibaki zimelowa mapipani na waya zikawa tupu. Wanaume wa mgodini, ambao zamani waliwacheka, walikuja kukaa nao chini, wakagoma pamoja nao. Mkubwa wa kazi alipouliza wanataka nini, mama, asiyezoea kusema mbele za watu, alijibu:

"Mutoto wa mwanamuke, naye iko mutoto wa kazi."

Zikapita siku za mabishano na njaa, hadi wakubwa wakakubali watoto wa wafuaji nao watibiwe. Wenzake waliimba. Mama hakuimba. Mtoto wa jirani alipolazwa, wa kwanza kabisa, mama mwenyewe alimtandikia kitanda, akapapasa shuka mpaka ikanyooka, kisha akarudi kufua.

Siku hizi kampuni imeuzwa, sendika imekufa, na wafuaji wanaajiriwa kwa siku. Nilimkuta mmoja pale kwenye nguzo, mtoto mgongoni, nikamuuliza kama mwanawe anatibiwa humo ndani. Alicheka.

"Hapana, mama. Siye tuko bantu ba siku moja-moja."

Nilitaka kumwambia kwamba haki hiyo tuliwahi kuipata, na kwamba ilitugharimu mtoto. Nikamtazama yule wa mgongoni, amelala, nikashindwa.