Kura ya Turufu ya Mwenyekiti Wetu

Jumamosi iliyopita kikao cha chama chetu cha akina mama hapa Alby, huku ughaibuni, kilikaribia kuvunjika. Mwenzetu Mrundi, anayefanya usafi uwanja wa ndege, alikuwa amefiwa na mama yake huko kwao. Tulikubaliana twende kwake tupike na kukaa naye matanga. Mwenyekiti akakataa.

"Yeye alishampikia nani?" akauliza, kidole juu. "Natumia kura ya turufu. Hata rais wa Marekani, bunge likipitisha jambo asilolitaka, analirudisha."

Tangu Wamarekani wamchague huyu mpya, mama huyu hamalizi sentensi bila kuwataja. Mimi shule niliiacha darasa la pili, nikamuuliza kwa upole, "Akishalirudisha, bunge linakwenda kulala?"

Akaweka miwani sawa. Swali huwa halimpiti. "Hapana, bibi. Theluthi mbili ya kila bunge wakishikilia, linakuwa sheria. Rais hana la kufanya."

"Wana mabunge mangapi?"

"Mawili."

"Sisi tunalo moja, kazi ni nyepesi. Haya, akina mama, wanaoshikilia wasimame."

Viti vikalia ukumbi mzima. Wifi yake mwenyewe ndiye aliyetangulia kusimama. Mtu msomi usibishane naye, mwombe akufundishe tu.

Jumapili mfiwa alifungua mlango akatukuta tumejaa kwenye ngazi na masufuria yetu. Mwenyekiti naye alikuja. Tukampa vitunguu amenye, akalia kuliko mfiwa.