Tone la Maji Matupu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuigusa hadubini. Mpimaji Mkuu wa maabara, mtu mrefu aliyetoka kando ya ziwa na asiyependa mzaha kabla ya saa nne, alinipeleka kwenye karai la chupa chafu pale hospitalini Kisii. Akaniambia nizioshe, nizichemshe, kisha nizioshe tena. Jioni alizinusa moja moja, na mbili zikarudi karaini. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni nikidhani nimekuja kuponya watu, nikarudi nyumbani vidole vimekunjamana na moyo umeudhika.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya thelathini. Baadaye nilihamishiwa Nyamira, kwenye zahanati yenye meza moja na taa ya spiriti, nikawa napima malaria na minyoo peke yangu. Huko ndiko nilikojifunza ubahili. Maji ya chumvi tunayooshea chembe za damu ili zisipasuke yaliletwa kwa lori kutoka Kisii, na mvua ikiharibu barabara hayakuja. Basi yakibaki kidogo kwenye bilauri, niliyarudisha chupani. Nilijiona mtumishi mwema kabisa. Niliporudishwa Kisii katika miaka ya hamsini, nilirudi na tabia hiyo.

Asubuhi moja akaletwa mama mchanga kutoka Nyacheki, jina lake Kemunto. Alikuwa amejifungua salama lakini damu haikukoma. Kaka zake wanne walimbeba kwenye machela, na nyuma yao walifuata wazazi wao, Mzee Ombati na mkewe Bosibori. Daktari wa Wilaya akaagiza atiliwe damu ya ndugu zake, nami nipime ni ya nani inayopatana na yake.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Juu ya kigae cheupe unaweka tone la seramu ya mgonjwa, yale majimaji ya damu yanayobaki chembe zikitoka. Unaongeza chembe nyekundu za anayejitolea, zilizooshwa kwa maji ya chumvi. Zikibaki laini kama uji, mtilie. Zikishikana mabonge kama maziwa yaliyokatika, usithubutu, utamuua.

Kaka wa kwanza, mabonge. Wa pili, mabonge. Kufikia wa nne nilikuwa nafanya haraka, maana kupitia dirishani nilimwona muuguzi akitoka wodini na shuka nyingine nyekundu. Nikakimbia hadi barazani, nikatangaza kwa lugha yetu ya Ekegusii, mbele ya watu wote waliokuwa foleni, kwamba damu ya ndugu zake wote imemkataa. Mzee Ombati hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe, na foleni nzima nayo ikamtazama Bosibori.

Mpimaji Mkuu alinifuata mezani. "Umeweka tone la maji matupu?" akaniuliza. Alimaanisha chembe za kaka hao na maji ya chumvi peke yake, bila seramu ya mgonjwa. Sikuwa nimeweka. Niliona ni kupoteza muda na maji. Nikaweka sasa, na chembe zikashikana mabonge vilevile.

"Basi hakuna damu iliyokataa," akasema. "Ni chupa yako."

Aliinyanyua kwenye mwanga, nikaona utando mwembamba ukielea juu, uchafu wa yale masalio niliyokuwa nikiyarudisha. Tukachukua maji mapya, tukawachoma kaka wale vidole upya, na wawili kati yao damu yao ikapatana. Kufikia adhuhuri damu ilikuwa inaingia mkononi mwa Kemunto, na jioni aliomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwa kwenye karai, naosha chupa zote upya.

Siku chache baadaye Daktari wa Wilaya alinionyesha picha katika jarida lake, iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni. Bakteria mmoja alikuwa ameota vinyweleo vifupi, vyembamba, mwili mzima. Si ile mikia mirefu ya kuogelea, akasema, hivi ni vya kushikilia. Siku hizi wasomi wanaeleza kwamba kila kinyweleo ni protini, vipande vidogo vilivyopangwa kama shanga kwenye uzi, na nchani pana kipande kinachonasa sukari iliyo juu ya chembe zetu. Ndivyo vijidudu vinavyong'ang'ania utumbo visisombwe na maji ya tumboni. Ndivyo pia vilivyozishika chembe za damu ya wale kaka, bakteria mmoja akishika huku na huku.

Niliijua sababu, lakini sikuwa na amani. Muuguzi mmoja wa Nyacheki akaniambia kwamba Mzee Ombati amemrudisha mkewe kwao Kenyenya, akisema watoto hao hawawezi kuwa wa baba mmoja. Nilikaa siku tisa bila kusema neno, nikiogopa kupoteza kibarua changu. Mwishowe nikamweleza Mpimaji Mkuu. "Ulisema vibaya mbele ya watu," akanijibu. "Nenda ukaseme vizuri mbele ya watu."

Nilikwenda Nyacheki siku ya Sabato, watu walipotoka kanisani. Nikaeleza kwamba uchafu ulikuwa wangu, na kwamba hata watoto wa baba mmoja na mama mmoja damu zao zaweza kutofautiana. Mzee Ombati alinisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile ulifanya haraka," akasema. "Leo umechelewa."

Kesho yake tulikwenda Kenyenya pamoja. Bosibori alikuwa anapukuchua mahindi, na hakuacha tulipokuwa tunaongea. Nilipiga magoti nikamwomba radhi.

"Wewe inuka, momura," akaniambia, yaani kijana. "Wewe ulinijua asubuhi moja." Kisha akamgeukia mumewe. "Huyu amenijua miaka thelathini."

Alirudi Nyacheki baada ya mavuno, kwa ajili ya mjukuu, alisema. Sijui kama alimsamehe mzee, na sikuwa na uso wa kumwuliza.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na kila siku tone la kwanza kwenye kigae changu lilikuwa la maji matupu. Wenzangu walinicheka kwa wasiwasi wangu, na mke wangu hunicheka hadi leo, maana nanusa hata vikombe vya chai. Wacha wacheke. Lakini nikisikia mtu anasema damu fulani imekataa, bado namwuliza ni nani aliyeosha chupa.