Kizimba Nyuma ya Mgahawa

Mdogo wangu alirudi kutoka Dar saa ya chakula cha mchana, saa ambayo sina hata nafasi ya kujikuna. Mgahawa wangu wa Igoma, hapa Mwanza, ulikuwa umejaa madereva na mafundi wa gereji za jirani. Nilimwona amesimama mlangoni, begi mgongoni, boksi la viatu amelikumbatia kifuani. Alikuwa amekonda mpaka nikadhani ni mtu mwingine anayefanana naye.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona hujapiga simu? Pita uani, nakuja."

Hakupita. Alinisubiri nimalize kugawa sahani, akanisogelea, akainua kifuniko cha boksi kidogo tu. Ndani walilala panya wawili weupe, mmoja amempandia mwenzake, macho mekundu kama shanga.

Sikupiga kelele. Mwenye mgahawa akipiga kelele kwa sababu ya panya, kesho hana wateja. Nilimshika mkono nikamvuta kupitia jikoni mpaka uani.

"Una wazimu? Panya? Hapa?"

"Si wa mtaani, dada. Ni wa maabara. Wasafi kuliko mimi."

"Bwana Afya akija, utamweleza hivyo?"

Mama alikuwa pale uani, ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Alikuwa kwangu kwa ajili ya kliniki ya macho. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote kijijini amepigana na panya kugombea mpunga wake. Alijiinua, akachungulia lile boksi kwa muda mrefu.

"Sisi hawa tunawatafuta kwa fimbo," alisema. "Wewe umewalipia nauli."

Tangu siku ile nyumba haikutulia. Mdogo wangu hakuweza kukaa. Alikuwa akianza kula anaacha, anasimama, anakwenda mpaka kwenye tangi la maji, anarudi. Usiku nilisikia kandambili zake zikizunguka uani. Mchana analifungua boksi, analifunga, analihamisha kivulini, analirudisha. Ukimuuliza kazi yake ya maabara ya chuo imeishaje, anasema, "Mkataba umeisha," kisha anatoka nje kana kwamba kuna mtu amemwita.

Na mimi akaniambukiza. Mteja akiinama kufunga kamba ya kiatu, moyo unaruka. Mtu akicheka meza ya pembeni, nadhani ameona kitu. Nilimimina chai mpaka ikafurika kikombeni, mbele ya mteja aliyekuwa akiniangalia tu.

Nikamwambia mdogo wangu waziwazi: ama panya waondoke, ama wawe na kizimba ambacho hata sharubu haipiti. Tulikuwa na kreti kuukuu la mbao na kipande cha wavu wa kuku. Alipouona ule wavu alitikisa kichwa.

"Matundu makubwa. Na huu waya laini, watautafuna."

"Funga tu kwa leo, tutatafuta mwingine."

Akafunga. Kesho yake, mgahawa ukiwa umejaa, akatokea mlango wa jikoni, uso umempauka. Alinyoosha kidole kimoja. Mmoja hayupo.

Sijui niliendeleaje kuhudumia watu. Nilibeba wali huku macho yakipita chini ya meza, nyuma ya kreti za soda, juu ya magunia. Mdogo wangu alikuwa anatambaa stoo kwa magoti. Mteja mmoja, fundi wa pikipiki, akaniuliza, "Mama, leo mbona unainamainama, unatafuta nini?" Nikacheka kicheko ambacho sikukitambua.

Nilipotoka kwenda uani nikamkuta mama ameketi palepale kwenye mkeka, lakini ungo ameuweka chini na mikono ameiacha hewani, kama mtu aliyepakwa hina.

"Usije mbio," alisema kwa sauti ya chini. "Yupo kwangu."

"Wapi?"

"Kwenye kitenge. Amepita huku pembeni akajikunja tumboni. Nimekaa hivi tangu ulipotoka na lile sinia la samaki."

"Kwa nini hukuita?"

"Niite wewe uje na kelele zako, wateja wakimbie?" Akashusha mkono taratibu, akaugusisha kitenge kwa juu. Uso wake ulibadilika. "Moyo wake unakwenda mbio jamani. Kama wa kifaranga."

Mdogo wangu alikuja akapiga magoti mbele yake, akamtoa yule panya kwa viganja viwili. Na hapo, bila sisi kumuuliza, akaanza kusema. Kazi yake maabara ilikuwa kuwalisha na kuwabadilishia matandiko. Aliwajua mmoja mmoja. Mwingine alikuwa akisikia hatua zake anasimama kwa miguu ya nyuma. Utafiti ukiisha, wote wanauawa. Ndiyo utaratibu, na aliyewapulizia ile hewa ya kuwalaza alikuwa yeye. Aliifanya kazi hiyo miaka na miaka, akirudi nyumbani anakula vizuri. Kisha asubuhi moja mkono ukakataa. Mkuu wake alimwona amesimama tu, akamwambia akapumzike nje. Hawa wawili walikuwa wa ziada, hawakuwemo kwenye utafiti wowote. Aliomba awachukue, akaruhusiwa. Mkataba ulipofika mwisho hakuomba mwingine.

"Nikilala naona vizimba," alisema. "Vizimba vitupu, vimeoshwa."

Mama aliokota ungo wake. Baadaye kidogo akasema, "Basi watengenezee nyumba kama ya watu. Si hilo kreti."

Tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea, barabara ya Musoma. Mdogo wangu alimchorea chini kwa kipande cha chaki: kirefu kwenda juu maana panya anapenda kupanda, ghorofa mbili, mlango mpana wa kuingiza mkono mzima ili usafi usiwe vita, na nafasi kati ya waya na waya isipitishe kidole chake kidogo. Fundi alidhani ni kwa ajili ya sungura. Tulimwacha adhani hivyo.

Sakafu ya waya inaumiza nyayo zao, kwa hiyo tukaifunika kwa mbao nyembamba na vitambaa. Maranda ya seremala mdogo wangu aliyakataa. Alisema yana utomvu, harufu yake inawaharibu mapafu. Tukachana magazeti na maboksi mpaka uani pakawa kama pamepita kimbunga. Nilishona kitanda cha kuning'inia kwa khanga iliyochakaa, kona nne, kila kona na ndoano. Kidude cha kunyweshea kuku, kile kinachodondosha maji wakikigusa, tulikipata duka la mifugo tukakifunga kwenye chupa. Kipande cha bomba la plastiki kikawa njia yao ya kupita. Mama alitoa chungu chake kilichovunjika mdomo, akakilaza ubavu, akasema mnyama yeyote anataka mahali pa kujificha. Tuliweka pia jiwe bapa, tulilolibeba kutoka mlimani, maana bati letu saa saba mchana linachoma, na jiwe hubaki baridi. Miguu ya kizimba tukaisimamisha kwenye makopo ya maji, siafu wasipande. Kikakaa stoo ya nyuma, mbali na jikoni, mlango wa kufuli.

Nilidhani sasa atatulia. Wapi. Alisogeza chungu, akakirudisha. Alishusha kitanda, akakipandisha. Aliamka katikati ya chakula kwenda kujaribu komeo ambalo alikuwa amelijaribu muda uleule. Siku moja nilimkuta amewatoa wote, anaanza kufungua waya za ghorofa ya juu.

"Unafanya nini?"

"Hapa pana ncha. Wanaweza kuumia."

Nilipapasa. Hapakuwa na ncha yoyote. Nilimnyang'anya koleo, nikamkalisha kwenye gunia, nikakaa mbele yake.

"Angalia," nikamwambia. "Usiguse. Angalia tu."

Mmoja alikuwa ndani ya chungu akivuta vipande vya gazeti kwa meno, anajijengea. Mwingine alipanda kitandani, kikayumba, akashikilia, akajilaza. Akatoa mlio mdogo wa kusaga meno. Nikashtuka.

"Anaumwa?"

"Hapana, dada. Hivyo ndivyo wanavyofanya wakiwa na raha."

Aliendelea kuangalia. Nikasikia mteja ananiita, nikatoka. Niliporudi nilimkuta amelala juu ya magunia ya mchele, mdomo wazi, mguu mmoja unagusa chini. Alilala mpaka watoto wa shule wakapita barabarani wakirudi makwao. Mama aliketi mlangoni, kila anayekaribia anamfukuza kwa mkono.

Haikuwa mara moja ikaisha. Kandambili zilirudi uani usiku mwingine mwingi. Lakini alianza kula anamaliza sahani, na baada ya kipupwe akapata kazi Buhongwa, kwenye banda la kutotolesha vifaranga. Alikodi guta, tukakipandisha kizimba tukakifunika shuka. Mama aliweka dagaa wakavu kwenye mfuko, akamwagiza asiwape wengi, wanavimbisha tumbo.

Panya hawaishi sana. Wa kwanza alikufa huko huko, kwa uzee, kwenye kitanda chake. Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa sokoni. Hakulia. Aliniuliza kama najua mtu yeyote Mwanza nzima anayefuga panya kama hawa, kwa sababu panya mmoja peke yake haishi vizuri, na aliyebaki alikuwa anazunguka tu humo ndani, chungu, bomba, kitanda, chungu.

Simjui mtu huyo mpaka leo, ila nilizunguka kumuulizia. Maduka ya mifugo, seremala, walimu wa sayansi wanaokuja kula kwangu. Wengine walidhani natania. Nilianza kuifunga stoo ya nyuma mapema, nikaihamishia magunia, kisha nikayatoa tena, kona ya kizimba ikabaki tupu, bila sababu niliyoweza kumwambia mama.