Nilikuwa mchukua damu kwenye utafiti wa protini za kisukari Mpanda, binti "mzima" akatuumbua

Wakuu salaam.

Hili sijasimuliwa. Nilikuwepo, glovu mkononi, na atakayebisha aje Mpanda nimwonyeshe benchi alilokalia huyo binti.

Mimi ni mtu wa maabara. Mwaka juzi ilikuja timu ya utafiti kutoka mjini, wanatafuta protini kwenye damu za vijana wenye kisukari. Wazo lenyewe ni zuri, tusiwe wanafiki. Ukijua ni protini zipi zinabadilika mapema, unaweza kumuwahi mtoto kabla hajaanguka. Nikapewa kazi ya kutoa damu.

Siyo yangu jamani. Ya watu.

Mkuu wa utafiti tumwite Dokta Mpole, ingawa hakuwa hivyo. Alikuja na friza yenye baridi ambayo hata Makete hawaijui. Friza ina jenereta yake, mlinzi wake, na daftari la kuandika joto lake mchana kutwa.

Kituo chenyewe tulichofikia, kule kijijini Kabungu, friji ya dawa ilishakufa. Wanatunzia mafaili.

Tulihitaji makundi mawili: wagonjwa, na wazima wa kulinganisha nao, ambao kitaalamu wanaitwa control. Wagonjwa walipatikana kwa tabu. Dokta akashangaa, "Mbona huku vijana wenye kisukari ni wachache?"

Nesi wa kituo akamjibu taratibu, "Siyo wachache, dokta. Wanazikwa kwa jina la malaria."

Dokta akaandika: idadi ndogo.

Wazima sasa! Ilipotangazwa kuna fulana na soda, Kabungu nzima ikawa nzima.

Ndipo akaja Milembe, binti wa miaka kumi na nne, na mama yake. Fomu ikauliza, una ugonjwa wowote? Hapana. Mama akasaini, mtoto akawa control.

Wakati anasubiri zamu akamaliza chupa kubwa ya maji, akaomba nyingine. Chooni alikwenda mpaka watu wakaanza kumcheka. Gauni linamning'inia kama la kuazima.

Nikamuuliza mama, "Huyu yuko hivi tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Tulipewa dawa za malaria. Bibi yake anasema ni jini la mtoni. Mie naona anakua tu."

Nikamfuata Dokta. Nikamwambia huyu tumpime sukari.

"Strip za kupimia sukari hazimo kwenye bajeti," akasema. "Makundi tumeshapanga kwa mafaili. Usinichafulie data."

Naomba mrudie kusoma hapo. Utafiti wa kisukari, usio na kipimo cha sukari.

Bahati nzuri mama yangu mzazi ana sukari, kwa hiyo kimashine chake kidogo huwa natembea nacho kwenye begi. Zamu ya Milembe ilipofika nikamtoa damu ya utafiti, kisha nikamchoma kidole. Kioo kikaandika HI, maana yake sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuhesabu.

Karani wa fomu akachungulia, akaisoma kizungu kwa sauti: "Hai."

Mama akashusha pumzi. "Hai? Basi mzima huyo. Twende zetu, mwanangu."

Siku nyingine ningecheka. Lakini mtoto alishaanza kuhema haraka haraka, na mdomo unanukia kama matunda yaliyochacha.

Nikaomba gari limpeleke hospitali. Dokta akakataa. Gari ni la sampuli, damu ikichelewa inaharibika.

Dereva wetu alikuwa mzee mmoja wa Kifipa, mtu asiyeongea kabisa. Siku hiyo akaongea.

"Dokta, yaani damu yake ipande gari, mwenye damu abaki?"

Hakusubiri jibu. Akawasha. Tukambeba Milembe, tukambana kati ya maboksi ya barafu, mama yake kamshika kichwa njia nzima.

Hospitali wakamuwahi kwa dripu na insulini. Siku mbili hajitambui vizuri. Siku ya tatu akafumbua macho, akadai ugali.

Siku ya nne Dokta akatokea wodini na vichupa vyake, uso umechanua kama wa bwana harusi. "Mgonjwa mpya kabisa, ndiyo kwanza kaanza dawa! Hii ni dhahabu! Tunamhamishia kundi la wagonjwa."

Mama akasimama kati yake na kitanda.

"Baba, siku ile alikuwa mzima, mkataka damu. Leo ni mgonjwa, mnataka damu. Akifa je, mtakuja na vichupa makaburini?"

Dokta akakusanya vichupa vyake, akaondoka. Hakupata sahihi.

Mimi awamu ya pili sikuitwa. Niliambiwa sifuati utaratibu. Milembe amerudi shule, insulini yake anaitunza kwenye chungu chenye mchanga mbichi, maana kwao friji hakuna. Hizo protini sijui kama zilipatikana. Naomba zipatikane kweli, siongei kwa kejeli hapo.

Nilichojifunza: mtoto akinywa maji kupita kiasi, akikojoa hovyo na kukonda, omba apimwe sukari siku hiyo hiyo. Ukiambiwa malaria, bado omba.

Wenzangu wa maabara na utafiti, niambieni bila kunionea haya: nilikosea wapi? Wazazi nao leteni yaliyowakuta. Ila kama mwanao ana dalili hizo sasa hivi, acha simu, kampime, halafu urudi tubishane.