Betri Nne Kando ya Ziwa

Niliacha kufundisha fizikia bila kufukuzwa na mtu. Nilikuwa nimeshindwa tu kutulia. Nikiwaeleza wanafunzi habari za umeme, macho yangu yalikuwa dirishani, yakitazama paneli za sola zilivyokuwa zikizidi kuota juu ya mapaa ya mji wa Migori. Kule nje kulikuwa na kitu kinaendelea na mimi nilikuwa ndani, na chaki mkononi.

Mwenye duka moja la vifaa vya sola akanichukua. Alinipa pikipiki, helmeti, na maneno machache.

"Paneli kila mtu anauza, mwalimu. Mimi nataka betri zitoke. Zunguka uone ni nani anataka kuweka jua lake."

Nikazunguka. Siku ya soko Ogwedhi nilisimama katikati ya ng'ombe na vumbi, nikimweleza mchuuzi mmoja faida za betri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama naweza kumchajia simu. Kegonga nilimkuta kinyozi aliyekuwa akifunga kazi kila jua linapozama, maana paneli yake haikuwa na betri. Huyo alinielewa kabla sijamaliza, na akawa mteja wangu wa kwanza. Ndhiwa nilishinda siku mbili bila kuuza hata waya. Kila nilikofika nilitamani niwe nimeshaondoka. Nikikaa hotelini kunywa chai, goti langu lilicheza chini ya meza mpaka kikombe kikawa kinagonga kisahani.

Halafu nikampata mama wa samaki.

Alikuwa mjane wa makamo, kwenye ufuo mmoja upande wa Homa Bay. Alinunua mbuta kwa wavuvi asubuhi na kuwauzia wenye malori ya kwenda mbali. Lori lilipochelewa, alilazimika kuuza kwa bei yoyote aliyotajiwa, kwa sababu samaki hawangoji. Stima ya pale ilikuja na kuondoka ilivyotaka. Nilipomwambia kwamba sola na betri nne zingeendesha friza usiku kucha, aliweka chini samaki aliyekuwa amemshika.

"Una hakika, nyathina?" aliniuliza. Nyathina ni mtoto wangu, kwa Dholuo.

"Nina hakika, mama."

Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimepiga hesabu ya siku za jua kali, na nilitaka sana kurudi dukani na habari njema. Nikafunga paneli, friza na betri kwa siku moja, nikaondoka mbio kama mtu anayefukuzwa.

Kwa miezi kadhaa kila kitu kilikwenda sawa. Kisha mvua ndefu zikaja, na asubuhi moja simu yangu ikalia.

"Njoo uone," alisema, akakata.

Njia nzima kutoka Migori nilikuwa nikitunga maelezo. Nilipofika nilisahau yote. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na rundo la mbuta waliolegea, na korongo wawili wakubwa walikuwa wanawasogelea bila haraka. Nilipima betri moja moja. Zilikuwa zimekufa zote. Kila usiku friza ilizinyonya mpaka mwisho, na mchana wa mawingu haukuzijaza. Betri za aina ile haziwezi kutendewa hivyo muda mrefu. Hilo nilikuwa nimelifundisha darasani.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Nilikuuzia kitu ambacho hakikutoshi."

Nilingoja anitukane. Badala yake alinipa sepetu, tukachimba shimo, tukafukia samaki. Tulipomaliza tulinawa mikono.

"Usiende," alisema. "Wewe kila siku unakuja ukiwa umeshaondoka. Leo kaa."

Nikakaa. Akaingia ndani akatoka na chupa ya plastiki ya maji, akaiweka mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na donge la barafu, kubwa kama ngumi.

"Hii niliweka ndani ya friza, maji yangu ya kunywa," alisema. "Stima ya betri ilikufa jana jioni. Samaki wa juu wameoza. Waliokuwa wamelalia hii chupa, nimekula mmoja asubuhi. Hakuwa na neno. Sasa wewe ni mwalimu, niambie. Mimi nilikuwa nataka stima usiku, ama nilikuwa nataka baridi?"

Niliitazama ile chupa. Nilihisi aibu kwanza, kisha kitu kama homa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Baridi," nikasema.

"Basi mbona tuliweka stima?"

Jua lilikuwa linatupa nguvu nyingi mchana, na sisi tulikuwa tunazipitisha kwenye betri ili zigeuke baridi usiku. Tungeweza kutengeneza baridi mchana uleule, jua likiwa juu, tukaiweka kama barafu. Tukakusanya madumu madogo ya mafuta ya kupikia ufuo mzima. Tuliyaosha, tukayajaza maji bila kuyafikisha juu kabisa, tukayapanga ndani ya friza. Niliifunga friza moja kwa moja kwenye paneli, nikatumia kifaa cha kuiwasha polepole, ili paneli zisilemewe. Mfanyabiashara Mwislamu mwenye duka la magodoro mjini Homa Bay alituuzia sponji nene. Alipoelezwa kazi ya sponji hiyo alicheka kidogo, akatuongezea vipande vilivyobaki. Tukaizungushia friza sponji na magunia, mpaka ikawa kama mtu aliyevaa makoti matatu.

Mama akapanga mbuta wapya katikati ya madumu. Siku mbili zilizofuata zilikuwa mateso kwangu. Kila baada ya dakika chache nilikwenda kufungua kifuniko.

"Ukifungua tena nitakufukuza," mama alisema. "Unatoa baridi yote nje."

Nikaenda kutembea ufukweni. Nikarudi. Nikaenda tena. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena waliniuliza kama nimepoteza kitu.

Asubuhi ya tatu alifungua yeye mwenyewe. Madumu yalikuwa magumu. Mbuta waliokuwa katikati yao walikuwa na macho maangavu, na nyama yao ilirudi mahali pake ulipoibonyeza kwa kidole. Mama aliita jirani yake, naye akaita mwenzake, na kabla ya chai kulikuwa na wanawake sita wakibonyeza samaki.

Nilizipeleka betri zilizokufa Migori na kumweleza mwenye duka habari yote. Nilidhani atafurahi, kwa maana niliona soko lililokuwa halijaguswa na mtu ufuo mzima.

"Mwalimu," alisema, "nilikutuma uuze betri. Hukutumwa kuuza maji."

Hakuwa na ubaya. Rafu zake zilikuwa zimejaa betri, na zilikuwa zinazeeka. Nilimrudishia pikipiki wiki hiyo.

Sasa nafanya kazi peke yangu. Nikiitwa, swali langu la kwanza ni mtu anataka nini jua likishazama. Kinyozi bado anahitaji betri, na nitamfungia nzuri. Muuguzi mmoja wa zahanati alihitaji friza na betri pamoja, kwa sababu ya chanjo, nami nilikaa kwake siku nne kabla ya kusema nina hakika. Sijatulia bado. Mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, naacha chakula mezani na kumpigia mama wa samaki simu.

"Iko sawa," husema. "Kula."