Neon Bila Waya Katika Phonie ya Butembo

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef, mkuu wa phonie, ile redio ya kuitana mji kwa mji, alinipa mkononi neon, taa ndefu ya mrija, akaniambia nisimame karibu na waya wa antena ulioingia dirishani. Neon haikuunganishwa na kitu chochote. Akafinya kitufe cha mikro, akaita, "Beni, Beni, hapa Butembo!" Taa ikawaka mikononi mwangu! Nilitaka kuitupa nikimbie.

"Apana tupa! Ni nguvu ya antena, haiko bulozi," alicheka. "Usiguse tu waya, itakuunguza."

Ndivyo tulivyopima mitambo, maana mita yetu ilichukuliwa na wanajeshi. Phonie ile ilitoa nguvu pale sauti inapopita: ukisema, neon inawaka, ukinyamaza, inazimika. Baadaye nilitumwa Kasindi mpakani, kisha Beni, nikarudi Butembo chini ya Chef yuleyule, mtu wa kelele na moyo mweupe.

Wakati huo vita vilikuwa vimefunga barabara ya Beni. Mama Kavira, muuza maharagwe, alikuwa na binti yake Masika huko, mjamzito wa uzao wa kwanza, siku zimetimia, na risasi zimelia mtaani kwao. Alishinda kwetu akingoja habari. Na kwa kuwa mama wa Kinande hajui kukaa bure, alitufulia hata mapazia.

Asubuhi moja Beni haikujibu. Chef aliita mpaka koo likamkauka. Nikaleta neon: haikuwaka hata kidogo. Nguvu haitoki! Mama Kavira akaanza kulia, nami nikaumia kumwona. Nikatoka nje kufuata antena. Lo! Imeanikwa mapazia na vitenge vilivyolowa, uzito umeivuta mpaka imelala juu ya mabati.

"Nani ameanika manguo kwa antena?" Chef alifoka.

"Ni mie," Mama Kavira akajibu. "Mais Chef, niliona kamba muzuri, inapata jua!"

Chef alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Tuliondoa nguo, tukaikaza antena, neon ikawaka. Nikampa Mama aishike, Chef akamsogezea mikro, naye akafinya kitufe.

"Masika! Masika we! Uko muzima? Unakula?" Taa iliruka kwa kila neno. Alipoona hivyo akazidi kusema, kana kwamba ikizimika na binti atapotea.

"Mama, achilia bouton," Chef akambembeleza. "Ukifinya, Beni hapana sikika."

"Mais itazimika!" Mama akapinga.

"Izimike. Ndjo utabasikia."

Akaachilia. Neon ikazimika. Kisha ikaja sauti ya mwenzetu wa Beni: "Butembo, tunabapata. Paluku amefika! Mama yake iko muzima." Kwetu jina hilo ni la mvulana wa kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Nyuma ya sauti ile kichanga, kilicholetwa na jamaa hadi redioni, kikalia. Mama Kavira alipiga vigelegele, Chef akacheza na pazia bichi begani.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu huweka simu juu ya kisahani, ikajaa umeme bila waya, halafu ananieleza polepole kama mgeni wa mambo hayo. Namwacha aeleze, napenda kumsikiliza. Nimewasha neon nyingi maishani. Lakini furaha yangu kubwa kazini niliipata kando ya neon iliyozimika, nikimsikia mtoto wa Beni akilia kwa nguvu zake zote.